Lita 23 za dang'a

Prufu, yaani nakala ya kusahihishwa kabla ya kuchapa, ya kijitabu cha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ililetwa asubuhi, kurasa 32 zilizochapwa upande mmoja wa karatasi, na kiwanda cha uchapaji pale Chang'ombe kilitaka irudi jioni ileile ili pleti za kuchapia zitengenezwe usiku. Mezani tulikuwa wanne: daktari wa mifugo aliyeandika sehemu kubwa ya maandishi, kijana aliyepanga kurasa kwenye kompyuta, mimi niliyeshika mswada, na mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyeitwa kusoma mara ya mwisho. Ninachotaka kueleza ni namna alivyosoma.

Hakuanza ukurasa wa kwanza kwenda wa mwisho. Aliomba rula na kalamu mbili, nyekundu na ya bluu. Nyekundu ni ya kosa lililozaliwa kwenye kompyuta au kiwandani. Bluu ni ya kosa lililokuwamo tangu kwenye mswada. Ni desturi ya wachapaji wa zamani na sababu yake ni fedha: jekundu hulipiwa na mchapaji, bluu hulipiwa na mteja. Kisha akapita tarakimu peke yake. Rula chini ya mstari, kidole juu ya namba, nami namsomea kutoka kwenye mswada: kilo 1.5, sentimita 60, saa 12, lita mbili kistari tatu.

Hapo akasimama. Prufu ilisema ndama apewe lita 23 za danga, yale maziwa mazito ya kwanza, ndani ya saa sita za mwanzo. Ndama mwenyewe akizaliwa ana kilo thelathini na kitu. Daktari alikuwa ameshaisoma prufu nzima asubuhi na kuweka alama ya vema kwenye ukurasa huo.

"Hapa umesoma kichwa chako, Daktari, hukusoma karatasi," Mwalimu akasema.

Na ndivyo ilivyo. Anayejua kwamba ni mbili hadi tatu huona mbili hadi tatu hata kistari kisipokuwepo. Ndiyo maana mwenye maarifa ya jambo hafai kuwa msomaji wa mwisho wa prufu yake. Anafaa kuwa wa kwanza.

Kijana alifungua faili kutafuta kistari kilikwenda wapi, na chanzo kikajulikana upesi. Sura zilizoandikwa kwenye kompyuta ya Daktari zilikuwa na alama zilizopindwa na programu yenyewe: ukichapa ritifaa (ile alama ya ng') iliyonyooka, programu huibadilisha kuwa iliyopinda, na kile kistari kirefu cha kati ya namba nacho si kile cha kwenye kibodi. Alama hizo hazimo katika herufi 128 za msingi ambazo kila kompyuta inazijua. Maandishi yalipohamishwa kama faili la maandishi matupu, yasiyo na mapambo, zikaanguka njiani bila kuacha hata nafasi. Sura mbili zilizoandikwa kwa simu zilikuwa na alama zilizonyooka, nazo zilifika salama. Kwa hiyo kijitabu kimoja kikawa na "ng'ombe" huku na "ngombe" kule, na dang'a ikawa danga. Kijana akacheka peke yake, kwa sababu mjini danga ni mwanamume anayechunwa fedha na mpenzi wake. Mwalimu hakuuliza kinachochekesha.

Dawa ya hilo si kurekebisha neno mojamoja. Kwanza kijana alitafuta "ngo", "nga" na "nge" katika faili lote na kuamua kila moja kwa jicho, maana ukibadilisha zote kwa mkupuo utapata "ng'ano" na "viung'o". Halafu ritifaa zote zikafanywa za umbo moja. Watu wengi huchapa alama yoyote inayofanana nayo, hata ile iliyolala kwenye kona ya kibodi, na ukurasa hubaki na ng'ombe wa aina tatu ambao chombo cha kutafuta huenda kisiwaone wote. Mwisho akarudi kwenye mswada na kulinganisha kila namba ya kutoka kiasi hiki hadi kile. Zilikuwamo nyingine zilizoungana, lakini hizo zingeshtua mtu yeyote: hakuna mfugaji ambaye angekamua mara 23 kwa siku.

Mkato nao ulikuwa na shida yake kwenye tarakimu. Mwandishi mmoja alitumia mkato kwa desimali, 2,5, na mwingine akautumia kwa maelfu, 1,500. Kwa msomaji wa huku mkato ni wa maelfu na nukta ni ya desimali, na ukichanganya katika jedwali moja la chakula umeharibu jedwali. Mwalimu aliongeza sharti ambalo nimeliona likipuuzwa hata kwenye vibandiko vya dawa: kiasi kilicho chini ya moja kiandikwe 0.5, kamwe kisiwe .5, kwa sababu nukta iliyo mwanzoni hufutika kwa doa dogo tu la wino.

Mzunguko wa pili ulikuwa wa sauti. Mimi nilisoma mswada na kutamka kila alama, mkato, nuktambili, fungua mabano, funga mabano, yeye akifuata kwenye prufu. Inachosha na inaudhi, na ndiyo faida yake, kwani ukisoma hivyo huwezi kuchukuliwa na maana. Tulipofika kwenye magonjwa akakutana na sentensi hii: "Ng'ombe akivimba tumbo haraka mwite mtaalamu." Haikuwa na mkato popote, hata kwenye mswada. Akauliza tumbo ndilo linalovimba haraka, au mtaalamu ndiye anayeitwa haraka? Ukiweka mkato baada ya "haraka", mfugaji ambaye ng'ombe wake anavimba polepole atangoja. Ukiuweka baada ya "tumbo", hatangoja. Daktari alitaka wa pili, nao ukaandikwa kwa bluu.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na mambo ya kuchunguza kwa ng'ombe mgonjwa: "Amekula. Anacheua. Kinyesi ni cha kawaida." Yalikuwa maswali. Kiswahili hakigeuzi mpangilio wa maneno ili kuuliza. Mdomoni kuna sauti, kwenye karatasi, pasipo "je", kuna kiulizo tu, na kikikosekana swali limekuwa taarifa kwamba mgonjwa ni mzima.

Ubishi ulikuwa kwenye mikato iliyozidi. Daktari aliandika: "Ng'ombe wanaofugwa kwa kufungiwa ndani, wanahitaji maji wakati wote." Alisema hapo msomaji anapumua. Mwalimu akajibu kwamba mtenda hatengwi na kitenzi chake hata kama pumzi imekwisha. Aliyeona sentensi imemchosha aifupishe. Nadhani Mwalimu alikuwa sahihi, ingawa wazee wa magazeti waliuweka mkato huo miaka mingi na hakuna aliyepotea. Nukta ya pili baada ya "n.k." mwishoni mwa sentensi aliifuta bila mjadala, maana moja inatosha kazi zote mbili.

Kuhusu maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari, programu ilikuwa inafuata kanuni za Kiingereza: "chan-jo", "ng'om-be". Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu, hivyo ni "cha-njo" na "ng'o-mbe". Kijana alizima ukataji kabisa na kuacha ukingo wa kulia usiwe sawa, jambo lililokuwa jepesi kuliko kufundisha mashine.

Prufu ya pili ilitoka jua linazama. Hapa ndipo wengi hukosea, wanaangalia tu kama neno lililowekewa alama limebadilishwa. Mwalimu alisoma aya nzima ya kila sahihisho, kwa sababu herufi moja iliyoongezwa husukuma mistari ya chini. Kwenye ukurasa wa uvimbe wa tumbo, kurudi kwa ritifaa na mkato kulikuwa kumeongeza mstari mmoja, na sanduku la maandishi chini ya picha halikuwa na nafasi. Programu haikulalamika, ilificha tu mstari wa mwisho, na maneno yaliyofichwa yalikuwa "mwite mtaalamu".

Kijana akapunguza picha milimita nne, mstari ukaonekana. Daktari akasaini kila ukurasa chini kulia, na safari hii faili lilipelekwa kiwandani likiwa PDF yenye fonti zake, yaani maumbo ya herufi, ndani.