Chenso ya mzee wa Sikonge
Jana nimelala na furaha jamani. Kuna mzee katoka Sikonge na chenso yake, ule msumeno wa injini wa kukatia miti, kwenye kiroba, anasema inawaka vizuri tu ila ukibana resi inazima, na fundi mmoja alishamwambia injini imekufa anunue nyingine. Nikamwambia mzee wangu kaa kwanza upumzike, nikaitandaza hapa kibarazani kwangu Ng'ambo, nikafungua tenki nikavuta chujio kwa waya, jeusi tii, halafu kile kimpira cha kupitisha mafuta kina ufa kwahiyo kinanyonya hewa. Nikatoa ekzosi nichungulie pistoni, haina hata mkwaruzo, hapo ndo nikapumua, maana hizi mashine oili inaingia na petroli, mafuta yakifika kidogo kwenye injini na oili inapungua, pistoni inaungua. Kimpira kipya, chujio jipya, basi. Mchanganyiko nikampimia mwenyewe, yake ni 50 kwa 1, petroli lita 5 oili ya tustroki, ile ya kuchanganya na petroli, mililita 100, nikamwekea na alama kwenye chupa asikosee. Ilivyonguruma akanishika kwa mikono yote miwili, "mwanangu, nilishataka kuuza mbuzi wangu".