Vilo viwili vya mchanga

Juzi jioni nilikuwa naanua nguo uani. Binti yangu alikuwa amekaa chini ya mwembe na makopo yake ya maziwa, anacheza duka. Nikamwomba mchanga kilo mbili. Akajaza kopo la kwanza, akajaza la pili, akanisogezea yote: "Haya mama, vilo viwili."

Vilo! Nilibaki nimesimama na kanga mkononi. Ana miaka miwili na miezi saba. Neno hilo hajalisikia kwa mtu, maana dukani, nyumbani, hata kwa muuza samaki, kilo ni kilo, iwe moja iwe kumi. Amelitunga mwenyewe. Kijiko, vijiko. Kiatu, viatu. Kikombe, vikombe. Basi na kilo nayo lazima iwe na wenzake.

Jirani aliyekuwa ananisaidia kukunja nguo alicheka, akaniambia nimrekebishe mapema asije akazoea. Sikumrekebisha. Mbona wazee wetu walifanya vivyo hivyo? Kitabu ni neno la Kiarabu, na huko lilikotoka ile "ki" ni sehemu ya neno lenyewe. Waswahili walisikia "ki", wakasema vitabu, na leo hakuna mwalimu anayeweka alama ya kosa hapo. Digadi ya baiskeli ndiyo inayonifurahisha zaidi. Neno la Kiingereza, mudguard, lilikuja na "ma" yake mbele, watu wakaona huo ni wingi, wakaitoa, wakapata digadi moja. Mwanangu amepita njia ileile akiwa na makopo mawili ya mchanga.

Nina daftari ninaloandika maneno yake tangu aliposimama dede. Kurasa za mwanzo ni nyonyo, maji, paka, na "tukali" yaani sukari. Alipofika mwaka na nusu alikuwa anasema "taka maji", "taka shuka", ile "na" ya mbele haipo kabisa. Sikuhangaika, nilikuwa namjibu tu, "Unataka maji? Haya, maji haya hapa." Halafu mwezi wa tatu mwaka huu kikombe kikapinduka mkekani, akaniangalia kwa hofu, akasema, "Maji yamemwagika." Hakusema imemwagika, ambayo sisi wakubwa hutuponyoka kila siku. Sijawahi kumkalisha chini nikamfundisha "ya" ya maji. Niliandika tarehe kabla hata sijafuta mkeka.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Pemba, naye tunaishi naye hapa Tanga. Yeye husema tungule, mimi nasema nyanya. Nilidhani mtoto atachanganyikiwa. Wiki iliyopita alikuta kapu la sokoni, akachukua moja akampelekea bibi yake: "Bibi, tungule." Akarudi kwangu na nyingine: "Mama, nyanya." Kila mtu kapewa neno lake.

Maswali ndiyo hayaishi. Usiku anakodolea macho mjusi kafiri darini. "Mama, mbona haanguki?" Nilimwambia vidole vyake vina vinyweleo vidogo mno, vingi mno, vinavyoshika dari. Akatazama vidole vyake mwenyewe, akakandamiza kiganja ukutani, akasubiri. Kisha akaniuliza, "Na mimi vyangu viko wapi?" Tukavitafuta kwa tochi ya simu hadi bibi akatuita tukale. Ubwabwa ulikuwa umeshapoa, na sikujali hata kidogo.

Ile jioni ya mchanga nilichuma majani mawili ya mwembe nikamlipa. Akayahesabu, akanirudishia moja.

"Chenji yako, mama."

Nikabeba vilo vyangu viwili nikaingia ndani.