Kuuza Hisa za Kuazima Soko Linapoporomoka

Wengi wanaojifunza kuuza hisa za kuazima hutumia muda mwingi kutafuta kampuni itakayoanguka. Kwa maoni yangu, swali lenye uzito zaidi ni jingine: hisa hiyo ikipanda kwanza ndipo ishuke, utaivumilia hadi bei gani?

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Dalali anakuazima hisa, unaziuza kwa bei ya leo, kisha baadaye unanunua idadi ileile na kuzirudisha. Bei ikiwa imeshuka, tofauti ni yako. Ikiwa imepanda, tofauti hiyo unaifidia wewe. Muda wote huo unalipa ada ya kuazima, na kampuni ikitoa gawio (sehemu ya faida inayogawiwa wenye hisa) kabla hujarudisha hisa, gawio hilo unamlipa mwenyewe aliyekuazima kutoka mfukoni mwako. (Wasomaji Waislamu watakumbuka katazo la kuuza usichokuwa nacho, na kwa sababu hiyo wanazuoni wengi hawairuhusu biashara hii.)

Tuchukue hisa 100 za Marekani zenye bei ya dola 50 kila moja. Ukiziuza zinaleta dola 5,000, lakini fedha hizo hubaki kwa dalali, nawe unatakiwa kuongeza dhamana ya asilimia 50, yaani dola 2,500, hivyo akaunti inakuwa na dola 7,500. Baada ya hapo, kanuni za huko zinataka dhamana yako isipungue asilimia 30 ya thamani ya hisa unazodaiwa, na madalali wengi huweka kiwango cha juu zaidi. Sasa bei ifike dola 58. Deni lako ni dola 5,800, dhamana iliyobaki (7,500 ukitoa 5,800) ni dola 1,700, ilhali asilimia 30 ya deni hilo ni dola 1,740. Umeshapungukiwa. Bei imepanda kwa asilimia 16 tu, na dalali ana haki ya kudai fedha zaidi, au hata kuzinunua hisa hizo sokoni kwa fedha zako bila kukusubiri.

Hesabu hiyo iweke kando ya mwaka 2008, ambao mtu yeyote angedhani ulikuwa wa neema kwa wauzaji wa aina hii. Tarehe 13 Oktoba, katikati ya msukosuko wa mabenki, fahirisi ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, ilipanda kwa zaidi ya asilimia 11 kwa siku moja. Tarehe 27 Oktoba ilifunga karibu na 849, na kufikia tarehe 4 Novemba ilikuwa juu ya 1,005, ongezeko la takriban asilimia 18. Soko halikuwa limepona hata kidogo, kwani tarehe 9 Machi 2009 fahirisi hiyo ilifunga kwenye 676. Aliyeuza tarehe 27 Oktoba kwa dhamana ya kiwango cha chini alikuwa sahihi kabisa kuhusu mwelekeo wa soko, na bado angeweza kutolewa na dalali wake miezi minne kabla ya soko kufika chini kabisa.

Kisa cha Volkswagen kilitokea wiki hiyohiyo. Jumapili ya tarehe 26 Oktoba, Porsche ilitangaza kwamba ilikuwa na asilimia 42.6 ya hisa za Volkswagen pamoja na opsheni (mikataba inayofungamana na bei ya hisa) za asilimia nyingine 31.5, na kwa kuwa jimbo la Lower Saxony la Ujerumani lilishikilia takriban asilimia 20, zilizobaki kununulika zilikuwa karibu asilimia 6. Hisa zilizokuwa zimeazimwa na kuuzwa zilizidi hizo. Wadaiwa wote walikimbilia mlango mmoja, na bei iliyokuwa karibu yuro 210 siku ya Ijumaa ikavuka yuro 1,000 siku ya Jumanne.

Serikali nazo huingilia kati. Septemba 2008 mamlaka ya masoko ya Marekani ilipiga marufuku kwa muda uuzaji huu kwa hisa za mamia ya kampuni za fedha, zilezile ambazo wauzaji walizitaka zaidi.

Kwa sababu hizo, ninapofanya mazoezi katika daftari ninaandika bei ya kutoka kabla ya bei ya kuingia, ninapima ukubwa wa biashara kwa kupanda kwa asilimia 20 badala ya kwa faida ninayoitamani, na ninasubiri soko lipande kidogo ndipo niuze, kuliko kulikimbiza likiwa tayari limeanguka.

Kwa aliye Nairobi, njia iliyo karibu ni soko la mikataba ya bei za baadaye (makubaliano ya leo kuhusu bei ya kuuziana tarehe ya mbele) lililofunguliwa na Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2019, ambalo linamwezesha mtu kuuza mkataba wa Safaricom bila kuazima hisa yoyote. Hisa hiyo ilikuwa juu ya shilingi 40 mwaka 2021, na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya shilingi 15. Hata hivyo, mikataba hiyo ina tarehe za kuisha na faida na hasara zake huhesabiwa kila siku, kwa hiyo aliyetaka kuufuata mteremko wote huo angelazimika kuhamia mkataba mpya mara kwa mara, katika soko ambalo wanunuzi na wauzaji bado ni wachache.