Kopo la Kimbo

Jana asubuhi yule jamaa wa chuma chakavu alipita tena. Mkokoteni, mzani wa kuning'iniza, na kipaza sauti chenye wimbo uleule: mabetri mabovu, masufuria yaliyotoboka, mafriji, vyuma vyote tunanunua. Mwanangu wa mwisho alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Akatazama uani, akanitazama mimi, kisha akasema kama mtu aliyepata dawa ya shida zetu zote:

"Baba, tumuuzie Kawia Ufike?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshalikumbuka kopo.

Mnaonisoma siku nyingi mnalijua Kawia Ufike, lile basi langu kuukuu, na picha zake nadhani mmezichoka. Namna lilivyowaka, hiyo sijawahi kuisimulia, kwa sababu mpaka leo sijui katika mkasa ule aliyepunjwa ni nani.

Nililikuta Mombo mwaka 2011, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja mjane, limezama ardhini hadi kwenye rimu, mpapai umeota pale palipokuwa ngazi ya nyuma. Ni Albion, ya Leyland, zile zilizokuwa zikitoka Glasgow. Leyland walilifuta jina la Albion mwaka 1972, kwa hiyo mimi na hilo basi tunaweza kuwa marika. Nilishalipanda utotoni. Tukitoka Soni na mama kuteremka Mombo, juu ya keria matenga ya mapeasi na kabichi, na zile kona ambazo basi haliwezi kuzikata mara moja: dereva anakwenda, anarudi nyuma kidogo, anakwenda tena, na utingo ameshika kigogo anakiwahisha nyuma ya tairi huku akipiga kelele. Mama alikuwa akifumba macho tangu kona ya kwanza mpaka ya mwisho. Mimi nilikuwa nikimtazama yule utingo, na nilichotaka kuwa ukubwani nilikuwa nimeshakijua. Nikaishia kuwa mwalimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umelifuata hilo?"

Alijua. Wiki ile alikuwa amekwisha kuja mnunuzi wa chuma chakavu, akalizunguka, akakadiria tani sita, akataja shilingi mia tatu kwa kilo. Milioni moja na laki nane. Nilimuuliza bibi injini ilikuwa na ubovu gani lilipoegeshwa. Akasema, "Mimi mtu wa jembe, ya injini nitayajulia wapi?"

Hapa ndipo panaponisumbua. Nilikuwa nimemleta fundi wangu, na fundi alikuwa ameshafungua boneti lile la ndani, pembeni ya kiti cha dereva, akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akanikonyeza. Injini haikuwa na tundu. Haikuwahi kufunguliwa ovyo. Ilikuwa imenata tu, kama mtu aliyekaa mkao mmoja muda mrefu. Gari zima, si chuma. Nami nikanyamaza, nikatoa bei ileile ya chuma, milioni moja na laki nane, fedha za mkopo wa SACCOS ambao mama watoto aliusikia wiki mbili baadaye. Aliyoyasema siyaandiki hapa.

Bibi alikubali, kwa sharti moja: basi lilikuwa ghala lake la mahindi, kwa hiyo nimjengee ghala jingine kwanza. Nikajenga. Mabati kumi.

Miezi mitano iliyofuata naipita mbio. Tulitoa mahindi, kuku, na nyuki waliokuwa wamehamia kwenye dari. Fundi alichomoa nozeli zote sita, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, akamimina kwenye silinda mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi ya gia, akasema tusubiri. Tukasubiri wiki tatu. Kila Jumamosi napanda daladala kutoka Korogwe, nakuta fundi na mtaimbo anajaribu kuzungusha gurudumu la injini. Jumamosi ya nne likasogea meno mawili. Tukacheka kama wehu.

Ila nozeli zilikuwa zimekufa. Mbili zilikatika wakati wa kuzichomoa, nyingine ncha zimeliwa na kutu. Nikaenda Dar, nikazunguka maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani siku mbili nzima na sampuli mfukoni. Kijana mmoja dukani aliigeuzageuza, akamwita baba yake kutoka nyuma. Yule mzee akaivaa miwani, akasema, "Mwalimu, hii nilikuwa nikiiuza mimi sijaoa." Hawana. Hakuna aliyekuwa nayo.

Nilirudi Mombo kumwambia fundi tukusanye spana zetu.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi. Akatusikiliza tunavyonung'unika, hakunyanyua uso. Alipomaliza gunzi alilokuwa nalo, akaingia ndani. Tukasikia kitu kizito kikivutwa chini ya kitanda. Akatoka na kopo la Kimbo, yale mafuta ya kupikia ya Kenya, lile kubwa la kilo mbili, limefungwa kifuniko kwa mpira wa tubu.

Walio vijana kopo hilo haliwashtui, lakini mimi lilinishtua kabla halijafunguliwa. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977. Kimbo ya miaka ile ilipita njia za panya, usiku. Na mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, chini ya Waziri Mkuu Sokoine, watu walitupa sabuni na vitenge mtoni wasikutwe navyo. Mumewe aliliegesha basi mwaka huohuo. Siku zote nilidhani ni kwa kukosa spea.

Bibi aliukata ule mpira kwa kisu cha jikoni. Ndani kulikuwa na grisi, imekuwa ya kahawia na ngumu kama sukari guru. Akaingiza vidole viwili, akachimba, akatoa kitu kimeviringishwa kwa karatasi ya nta. Akakifuta kwenye kanga. Akakiweka kwenye kiganja changu.

Nozeli. Mpya. Chapa ya CAV, na maandishi madogo, Made in England. Inang'aa hivi kwamba niliona kivuli cha uso wangu.

"Ziko nane," alisema. "Alizificha shimoni, chini ya jiko. Walipokuja kusaka nilikuwa nasonga ugali juu yake. Kabla hajafa akaniambia nizitoe nizihifadhi."

Fundi alikuwa amepiga goti pale chini kama yuko msikitini. Mimi nikaanza kushukuru, sijui nilisema nini na nini, Mungu akubariki bibi, Mungu akuzidishie. Akanikatiza.

"Laki mbili na nusu."

"Zote?"

"Moja."

Nilipiga hesabu. Nane kwa laki mbili na nusu ni milioni mbili. Laki mbili zaidi ya basi lenyewe. Nikamwambia, bibi, injini ina silinda sita, nahitaji sita tu. Akasema hazitenganishwi. Nikamwambia, lakini bibi, basi zima uliniuzia milioni moja na laki nane.

Akanitazama, na sikuona hasira wala kejeli usoni pake.

"Basi ulilinunua kwa bei ya chuma. Hizi si chuma."

Mtu asinitanie kwamba ningebishana. Nilikuwa na laki kumi na sita kwenye akaunti, za ada na za kila kitu. Nikazitoa zote, nne nikabaki nikidaiwa.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa watu kama thelathini uani, kwa sababu Mombo habari haichelewi. Alikuwepo utingo wa zamani, yuleyule wa kigogo, sasa mzee wa mvi na fimbo. Dereva wa lori la mizigo lililolala stendi alituazima betri zake mbili, volti 12 mara mbili tupate 24. Fundi alifunga nozeli, akalegeza nati ya pampu, akaanza kupampu kwa mkono kutoa upepo. Ikatoka povu. Akapampu. Povu. Akapampu tena mpaka jasho likamdondokea kwenye pampu, na mwishowe ikatoka dizeli tupu, nyembamba, haina hata kitone cha hewa. Akakaza nati. Akanitazama. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti cha dereva.

Staata ya kwanza ilizungusha kivivu, kama mtu anayeamshwa alfajiri, ikaishia. Ya pili, moshi mweupe. Ya tatu, kwanza kukawa kimya, halafu silinda moja ikadunda. Moja tu. Du. Kisha nyingine. Du-du. Basi zima likatikisika, vumbi la miaka ishirini na nane likanidondokea kichwani kutoka darini, bomba la moshi likatapika kiota kizima cha nyigu, watu wakakimbia, kuku wakakimbia, na ghafla zote sita zikashikana na ule mngurumo nilioujua kifuani tangu darasa la tano ukajaa uani. Sikugundua kwamba nalia hadi nilipoona usukani umelowa.

Nikatazama kioo cha pembeni. Yule mzee utingo alikuwa ametupa fimbo. Amening'inia nyuma ya mlango kwa mkono mmoja, mguu mmoja hewani, akapiga bodi mara mbili kwa kiganja: pa, pa.

"Twende!"

Hatukwenda popote, hata breki hazikuwepo. Nilipoteremka nilimfuata bibi kwenye kigoda chake. Nilitaka aseme neno. Aliendelea kupukuchua, akatikisa kichwa kidogo kwa kuusikiliza ule mlio.

"Zile laki nne utaleta lini?"

Nilileta mwezi uliofuata. Basi tukalipaka rangi, tukatengeneza breki za upepo, tukabadilisha sakafu. Leseni ya kubeba abiria sikupata, na kwa haki kabisa; nisingempandisha mtoto wangu Soni kwa gari lile. Tulilitumia kwa harusi nane na misiba miwili. Msiba wa pili ulikuwa wa bibi mwenyewe. Tangu lilipowaka hakuwahi kulipanda hata mara moja, kila nikimwalika anasema ana kazi shambani.

Kuna siku najiambia kwamba mimi ndiye niliyemdhulumu, kwa sababu nilijua na nikanyamaza. Siku nyingine najiambia kwamba yeye alijua zaidi yangu, na alinyamaza vizuri zaidi. Mama watoto anasema wote wawili tulikuwa wezi na ndiyo maana tulipatana. Sijui.

Tangu mwaka 2020 limeegeshwa hapa uani Korogwe. Kuku wamesharudi. Mpapai bado.

Basi jana, wakati naendelea kutafuta cha kumjibu mtoto, yule jamaa alikuwa ameshaliona juu ya ukuta. Akabisha hodi, akaingia, akalizunguka basi mara mbili, akagonga bampa kwa kidole.

"Mzee, hili linawaka?"

Lile kopo liko kabatini, chini ya mashuka, lina nozeli mbili. Mwanangu alikuwa amesimama katikati yetu na begi mgongoni, ananitazama.

"Mimi mwalimu," nilimwambia, "ya injini nitayajulia wapi?"