Nafasi Tupu Mbele ya Jina Langu

Jana usiku nimeingizwa tena kwenye kundi la WhatsApp la michango. Sikuulizwa, kama kawaida. Mwekahazina ameshapandisha orodha, jina langu la tatu, na mbele yake nafasi tupu inayosubiri tarakimu. Nikaitazama ile nafasi, kikanirudia kile chumba kisicho na dirisha, meza yake, na kalamu ya yule mama mpelelezi.

Nilikuwa nimepata kazi ya ukalimani kwenye kampuni yenye mkataba na serikali ya Marekani. Bila kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuaminiwa na siri za serikali, hukanyagi getini. Fomu yake, SF-86, ni kama kuandika wasifu wa marehemu ukiwa bado unapumua: umeishi wapi, nani anakujua, ndugu gani wako nje. Niliijaza vizuri tu mpaka Sehemu ya 26. Je, katika miaka 7 iliyopita umewahi kuchelewesha deni lolote kwa zaidi ya siku 120? Nikafunga kompyuta, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nilikuwa nayo matatu. Bili ya hospitali. Mkopo wa gari niliomdhamini shemeji, ambaye alihama na gari na simu akaacha kupokea. Na kadi ya mkopo iliyomezwa na msiba wa mama: tiketi, jeneza, maturubai, chakula cha watu wa siku nne.

Siku mbili nzima nilitaka kujibu "hapana". Rafiki aliyewahi kuwa jeshini ndiye aliyenizindua: ripoti yako ya mikopo wataivuta tu. Deni lina maelezo. Uongo kwenye fomu ni kesi nyingine, tena mbaya zaidi.

Basi nikakaa mbele ya mpelelezi, mwanamke wa makamo, mpole, akayasoma madeni yangu moja moja hadi senti. Sikuwahi kuyasikia yakisomwa kwa sauti. La kadi hata mume wangu hakulijua. Kalamu ikatua hapo hapo.

"Hizi zilikwenda wapi?"

"Msibani. Mama yangu."

Akanipa pole, na nadhani alimaanisha. Kisha: "Nani alikuagiza ulipe?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo ungeweza kukataa."

Nikafungua mdomo. Ningemweleza nini? Kwamba mtoto aliye Marekani haulizwi kama anazo, anaulizwa zinaingia lini? Kalamu ilikuwa inangoja.

"Kisheria, ndiyo," nikasema.

Akaandika. Si neno moja, mstari mzima, labda na nusu. Mpaka leo najiuliza aliandika nini.

Akauliza pia kama kuna mtu anayeweza kuyatumia madeni hayo kunishinikiza. Nikawaza shangazi zangu. Nikajibu hapana.

Yaliyofuata yalikuwa makaratasi. Ilikuja barua ya maswali, nikapeleka risiti, makubaliano ya kulipa kidogo kidogo, na cheti cha mshauri wa madeni. Fedha ni kigezo kimoja tu kati ya 13 wanavyopima, na nilivyoelewa, ukubwa wa deni si jambo pekee: wanataka kujua limetokana na nini, na kama unalikabili au unalikimbia. Ugonjwa na msiba walivielewa. La shemeji lilinigharimu maelezo kurasa mbili. Kibali kikatoka, baada ya miezi mingi ya kulala macho wazi. Mume wangu nilimwambia usiku ule ule wa mahojiano. Kulikuwa na ubaridi nyumbani, tuuache hapo.

Kinachowatia hofu ni kwamba mwenye madeni hununulika. Sibishi. Ila mimi nilishanunuliwa zamani, na watu wa kwetu, na sijui sehemu hiyo ingejazwa wapi.

Siku hizi wenye vibali wanafuatiliwa mfululizo. Akaunti ikichelewa, taarifa inaweza kuwafikia kabla hujaitoa mwenyewe. Najua hivyo vizuri kabisa. Na asubuhi hii mwekahazina ameandika, "Dada, tumebaki tunakusubiri wewe tu," akaweka na mikono ya kuomba.

Nimeandika dola 500. Nimefuta. Nimeandika 150. Bado sijatuma.