Manda, Yanakotoka Mawe ya Lamu

Anayetaka kuzijua nyumba kongwe za Lamu aanzie ng'ambo, kisiwani Manda, kwenye machimbo. Sisi tulivuka asubuhi maji yakijaa, tukaanzia Maweni, kwa nia ya kufika Takwa, magofu ya mji wa kale, kabla hayajakupwa. Hori, yaani mkono wa bahari, linaloingia Takwa limepita katikati ya mikoko, na maji yakitoka chombo hulala matopeni mpaka yarudi. Kwa hiyo muulize nahodha saa ya maji kujaa kabla hamjapatana bei. Siku za bamvua maji hupanda zaidi kuliko siku za maji mafu.

Maweni ni kijiji cha wakata mawe, na jina lake linasema hivyo. Ardhi yenyewe ni mwamba wa tumbawe la kale. Udongo wa juu ukishaondolewa, jiwe hukatwa kwa mkono, huku vumbi jeupe likimganda mkataji hadi kwenye nyusi. Jiwe linapotoka chini lina unyevu na ni laini, chuma kinaingia. Likikaa juani hukauka na kuwa gumu, ndiyo sababu huchongwa pale pale shimoni. Ligonge: likilia kwa mlio mkavu ni zima, likitoa sauti iliyokufa lina ufa ndani.

Tumbawe ndilo linalotoa chokaa pia. Magogo hupangwa kwa tabaka, mawe yakawekwa juu, moto ukawashwa. Yakishaiva huzimwa kwa maji au kuachwa yanyonye unyevu hadi yavunjike yenyewe kuwa unga. Hapa haraka ndiyo inayoharibu kazi. Chokaa isiyozimika vizuri hubaki na punje zilizo hai. Zikifika ukutani hunywa unyevu, huvimba na kuitumbua plasta. Ukiona ukuta mpya wenye vishimo vidogo vidogo, kila kimoja na kitone cheupe katikati, umeiona kazi ya haraka.

Takwa tulifika maji yakiwa bado makubwa. Mji huu ulistawi karne za 15 hadi 17, kisha ukahamwa, na watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, bado huja kuzuru na kuomba dua kwenye kaburi la mnara lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria, yaani karibu na 1682. Msikiti una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, jambo ambalo huwezi kulisahau ukishaliona. Lakini mahali pa kuinama ni pale plasta ilipodondoka. Mawe ya ndani hayana pembe kama matofali ya Maweni ya leo. Ni vipande vya kila umbo vilivyozamishwa katika chokaa nyingi. Panapohitaji nakshi, mafundi wa kale walitumia tumbawe jingine kabisa, lile la baharini, likichongwa lingali bichi kabla halijakauka.

Tuliporudi mjini Lamu, tuliingia nyumba kongwe tukiangalia juu kwanza. Dari hubebwa na boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka zaidi ya mita mbili na nusu au tatu hivi. Ndiyo maana misana (vyumba vinavyoelekea uani) na "ndani" (chumba cha nyuma yake) ni vyumba virefu vyembamba: upana umepimwa na mti. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, nazo hukipa chumba kina ambacho boriti hazikuruhusu.

Kinachotuuma ni saruji. Ukuta wa tumbawe na chokaa hupumua. Unyevu na chumvi hutoka polepole usoni. Ukipigwa saruji, unyevu hukosa njia, chumvi hukusanyika nyuma yake, na baada ya muda plasta huvuliwa kama ganda, ikiondoka na sehemu ya jiwe. Mwenye nyumba huamini saruji haikutosha, akaongeza nyingine. Ng'oa yote, uache ukuta ukauke, kisha upake chokaa.

Boriti nazo huoza kuanzia ncha iliyomo ukutani, mahali jicho lisipofika. Tafuta doa la kahawia dari inapokutana na ukuta, ubonyeze ncha kwa kisu. Kikizama kama kwenye mkate, imekwisha. Kabla ya kubadilisha boriti, fundi apande sakafu ya paa atafute ufa wa chokaa unaopitisha mvua, auzibe kwa chokaa. Asipofanya hivyo, boriti mpya itaoza vilevile.