Mzee Hageuki Anapoitwa

Mwanangu alipewa jina la baba mkwe wangu, na kwa kuwa si adabu kulitamka jina la mkubwa huku ukimkaripia mtoto, tangu siku ya arobaini yake sote twamwita Mzee. Alipotimiza miaka mitatu, Mzee alikuwa na maneno yasiyozidi sita, na hata hayo hakuyatumia kuomba wala kuita. Kazi yake ilikuwa kupanga vizibo vya soda kando ya ukuta, kwa rangi, kutoka mlangoni hadi kwenye mtungi wa maji. Mtu akisogeza kimoja tu, alilia hadi sauti ikamkauka. Bibi yake alituambia tumwache, kwani hata babake alichelewa kusema. Jirani mmoja alishauri tumkate chini ya ulimi, na ninamshukuru Mungu kwamba siku hiyo nilikuwa na ukaidi wa kutosha.

Tunaishi Jinja, katika mtaa ambao wengi wetu ni watoto wa askari, na kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotulea. Kimekuwa lugha ya jeshi nchini Uganda tangu enzi za mkoloni. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu ndilo lililoharibu tathmini yetu ya kwanza, ile ya kujua kama Mzee ana usonji, yaani autism kwa Kiingereza. Kwa ushauri wa mwenzangu kazini, tulimpeleka Mzee kwenye kliniki moja ya binafsi jijini Kampala, tukalipa shilingi 300,000 kabla ya kuingia ndani, na baada ya dakika zisizofika 30 tukatoka na karatasi moja yenye mhuri. Mtoto alionyeshwa picha za vitu akaulizwa majina yake kwa Kiingereza, lugha ambayo hajawahi kusemezwa nyumbani, naye akaangalia feni iliyokuwa ikizunguka darini. Hakuna aliyetuuliza alizaliwaje. Hakuna aliyetuuliza kama anasikia. Karatasi ilisema ana usonji, na chini yake paliandikwa vitamini za kununua.

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma, na jambo la kwanza nililojifunza lilinikera kuliko yote: hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuonyesha usonji. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, na ule wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022, yote miwili inamtaka mtaalamu atazame mambo mawili: jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu, na jinsi anavyong'ang'ania mazoea, kurudiarudia mambo au kusumbuliwa na sauti, mwanga na miguso. Tena anatakiwa ahakikishe kwamba dalili hizo zilianza tangu utotoni na kwamba haziwezi kuelezwa vizuri zaidi na tatizo jingine. Ikiwa basi tathmini yote ni kutazama na kusikiliza, nilikuwa nimelipia nini?

Nilielewa pia kwamba kuchuja si kutathmini, ingawa wapo wanaouza kimoja kwa jina la kingine. Lipo dodoso la maswali 20, linalotumika sana duniani, ambalo mzazi hujaza kuhusu mtoto wa kati ya miezi 16 na 30. Hapa kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walichukua maswali kumi yaliyokuwa yakitumika zamani kubaini ulemavu wa watoto, wakayaongeza hadi 23 ili yaweze kunasa usonji pia kwa watoto wa miaka 2 hadi 9, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2014. Maswali ya namna hii ni mazuri sana kwa kazi yake, nayo ni kukuambia kama kuna haja ya kuendelea mbele. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kunaswa na chujio hilo hilo, na ndiyo sababu masikio hupimwa mapema.

Huenda mtu akauliza kwa nini hatukwenda Mulago au Butabika, hospitali za serikali zilizoko Kampala, ambako wataalamu wapo na si ajabu kuwakuta hao hao jioni katika kliniki za binafsi. Sikuacha kwa dharau. Kutoka Jinja hadi Kampala ni kama kilomita 80, kupitia Mabira na ile foleni ya Mukono isiyojua saa, na mimi kazini napewa ruhusa kwa siku inayojulikana. Nilihitaji miadi ambayo haitahamishwa.

Safari ya pili, kwenye kliniki nyingine ya binafsi, niliuliza kabla ya kutoa hata shilingi. Kwa simu, nilitaka kujua nani hasa atakaa na mtoto, kwa saa ngapi, kama anajua Kiswahili, na kama ripoti itaeleza ilivyofikiwa au itatoa jina tu. Dada wa mapokezi alianza kuchoka nilipofika kwenye Kiswahili, lakini jioni nilipigiwa na mwanasaikolojia mwenyewe, mama aliyekulia Tororo, akaniamkia vizuri na kunitaka nije na kadi ya kliniki ya mtoto, majibu ya kipimo cha masikio, na video zozote nilizomrekodi nyumbani bila yeye kujua. Gharama ilikuwa shilingi 850,000, kwa awamu mbili. Ni fedha nyingi, na tuliuza mbuzi wawili kwa ajili ya awamu ya kwanza.

Siku ya kwanza mtoto hakuhitajika kabisa. Tulikaa karibu saa tatu, mimi na mume wangu, Baba Mzee, tukiulizwa: alilia alipozaliwa? Alipata manjano? Amewahi kuugua malaria kali au degedege? Mwanasaikolojia alitueleza kwamba mambo hayo huweza kuuathiri ubongo unaokua, kwa hiyo ni lazima yapekuliwe kabla ya kutoa jina lolote. Alipouliza kama mtoto huziba masikio penye kelele, Baba Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe mpaka leo huondoka harusini ngoma zinapoanza. Yule mama alitabasamu akasema watu wazima nao hutathminiwa, ila hiyo ni siku nyingine na bei nyingine. Tulicheka. Hajaenda bado, ingawa naona analifikiria.

Siku ya pili ndiyo ya michezo. Kipimo alichotumia kilitungwa ughaibuni, na ndani yake kuna sehemu ambapo mwanasesere hufanyiwa sherehe ya kuzaliwa, pamoja na keki na mishumaa. Mtoto wangu amekua na maulidi na Idi. Mshumaa anaujua kwa kukatika umeme. Mtaalamu alituonya mapema kwamba ataifanya sehemu hiyo kama mwongozo unavyotaka, ila hatamhesabia ugeni wa keki kuwa dalili, kisha akaongeza mchezo wa kupika chai na kumlisha mwanasesere ugali.

Ndipo akamwita kwa jina lake la cheti. Mzee hakugeuka. Moyo wangu ulifurahi kwa namna ambayo leo naionea haya, nikasema haraka kwamba sisi hatumwiti hivyo. Akamwita, "Mzee!" Hakugeuka. Akanyamaza, akaita tena kwa sauti ya upole kama ya bibi yake. Hakugeuka. Kisha akafungua pakiti ya biskuti chini ya meza, taratibu, na mwanangu akageuza kichwa mara moja.

Ripoti ilitoka baada ya wiki mbili, kurasa tisa, imeandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya shule lakini tukafafanuliwa kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Neno lilikuwa lile lile la karatasi ya kwanza: usonji. Wapo watakaosema kwamba kumbe tulilipia mara mbili jibu moja. Karatasi ya kwanza, hata hivyo, haikuniambia nifanye nini kesho asubuhi. Hii ilieleza kwamba Mzee anasikia vizuri, kwamba anaelewa anachokiona kuliko anachoambiwa, kwamba nisimwite kutoka jikoni bali nisogee, niiname mbele ya macho yake, niseme neno moja au mawili, kisha ningoje kuliko ninavyodhani inafaa. Ilitaka aonwe kila wiki na mtaalamu wa tiba ya matamshi, nasi tunamudu mara mbili kwa mwezi. Tena ilishauri kwamba vizibo visifichwe. Viwe sarafu ya mazungumzo yetu, apewe kitu anapotoa kizibo.

Tuliviweka kwenye bakuli juu ya meza. Miezi miwili alivichukua na kwenda kuvipanga ukutani kama kawaida. Juzi jioni, nikiwa namenya matoke, alikuja akasimama mbele yangu, akanitia kizibo chekundu mkononi, akanitazama, akangoja juisi yake.